Nyumba ya Mafiga Tisa

Ile nyumba ya mawe pale Kengeja, njia ya kushukia kisimani, watoto wa leo wanaiita Nyumba ya Wazee, na wakipita hutoa salamu dirishani hata kabla hawajaona mtu. Mimi nilikuwepo ilipoanza, na kidogo tu niione ikifa kabla haijatimiza mwezi. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa, masika yamekwisha, nami ni mke mpya wa mwaka mmoja.

Nyumba ilikuwa ya marehemu dada yake Mzee Vuai: vyumba vinne, baraza mbili, milango ya mfenesi, na jiko lake kwa nyuma. Mzee Vuai alikuwa na mikarafuu mingi na maneno machache. Siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, alisimama akasema:

"Nyumba hii nataka iwe wakfu. Akae humo mzee asiye na mtoto wa kumtazama, bure, mpaka Mungu atakapomchukua. Lakini kwa kadhi siendi mpaka nione watu wametulia humo. Nawapa Ijumaa tatu. Ikibaki tupu, wanangu wataweka karafuu."

Wanawe walikwisha kuitamani. Bakar, mkubwa wao, alikuwa kesha kupima kwa hatua magunia mangapi yataingia ukumbini.

Wazee wa kwanza walikuwa watatu. Mzee Jaribu, mkwezi wa minazi, alikuja kutoka Mrima, pwani ya bara, akiwa kijana, na sasa magoti yake yalikataa kupanda hata kitanda. Bi Mwanabaraka, msusi wa mikeka, macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini ulimi haukuingia kitu. Na wa tatu, Bi Moza, somo yangu.

Bi Moza hakuzaa. Ila ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, ndiye aliyenipeleka kwa mume wangu Ahmada, kama alivyowafanyia nusu ya wanawake wa Kengeja. Masika yale paa la kibanda chake liliangukia upande mmoja. Jamaa aliyembakia alikuwa mpwa wa marehemu mumewe, kule kisiwani Fundo. Nyumba ya Mzee Vuai ikishindikana, angepelekwa huko, nami ningemwona mara moja kwa mwaka, kama ningejaaliwa. Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa.

Basi tukawaheshimu wazee wetu. Tulipeana zamu, kila nyumba na siku yake: wali wa nazi, mchuzi wa changu, asubuhi maandazi, yote juu ya sinia yamefunikwa kawa jipya. Tuliwakataza hata kuokota kuni. Mlango wa jiko tuliutia komeo wasije wakahangaika.

"Mmefanya kazi ya kutosha," aliwaambia mwenzangu Mwanamize. "Sasa kaeni mle."

Wakashukuru. Wakakaa. Sinia zikawa zinarudi nusu.

Alhamisi, kesho yake ndiyo Ijumaa ya tatu, zamu ilikuwa yangu. Nilipiga hodi mara tatu, kimya. Nikaingia: mikeka imekunjwa, mabuli hayapo, hata bakora ya Mzee Jaribu haipo. Niliibwaga sinia barazani nikatoka mbio.

Nilifuata moshi. Kibandani kwa Bi Moza, chini ya ile nusu ya paa iliyobaki, mwenyewe kainama anapuliza moto, masizi puani, chungu cha muhogo kimekaa juu ya mafiga yake matatu. Bi Mwanabaraka anakuna nazi kwa kupapasa. Mzee Jaribu kakalia kinu kilichopinduliwa, anachambua dagaa.

"Shikamooni! Mmenitoa roho! Mmekimbia nyumba?"

"Marahaba. Akimbie nani?" akasema Mzee Jaribu. "Kwa magoti haya?"

"Hatukukimbia, tumehama," akasema Bi Mwanabaraka. "Kila siku tulikuwa tunakuja mara moja, kisha tunarudi. Leo haturudi."

"Kwani chakula chetu kibaya?"

Bi Moza alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kizuri. Kizuri mno. Hebu kaa chini, nami nikuulize, maana wewe ni mwari wangu, sikukufunda ovyo. Nyumba isiyowashwa moto, majirani wakaleta sinia zimefunikwa kawa, wakaingia kwa sauti ya chini, 'msihangaike, kaeni tu,' nyumba hiyo ina nini?"

Niliinamia moto nikasogeza kuni.

"Sema."

"Ina msiba, somo."

"Haya. Na matanga ni siku tatu. Sisi tumekalishwa siku ishirini. Kafa nani?"

"Mimi nilidhani kafa Jaribu," akasema Bi Mwanabaraka. "Anavyonuka."

"Nami nilikuwa nakusomea wewe Yasini kimoyomoyo," Mzee Jaribu akamjibu.

Nilicheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki yenyewe. "Na kesho Mzee Vuai anakuja, somo. Bakar keshatayarisha magunia. Utakwenda Fundo wewe."

"Mwanangu, paa liwepo lisiwepo, penye mafiga yangu ndipo kwangu."

"Basi tuyahamishe mafiga."

Akayatazama mawe yake.

"Yana moto," akasema.

"Tutangoja."

"Na usiyamwagie maji, yatapasuka. Yalikuwa ya mama yangu."

Tukala muhogo wetu tukangoja yapoe. Nilimwita Mwanamize, naye akawaita wengine. Baada ya alasiri tulikuwa wanawake kumi na mmoja, wote wari wa Bi Moza. Tulijitwika mafiga, yake matatu na ya Bi Mwanabaraka matatu tuliyoyapitia kwake, kila moja juu ya ngata ya kanga. Bi Moza tukamweka katikati, tukamfunika kanga kichwani kama alivyotufunika sisi, tukaenda kwa vigelegele.

"Polepole, bibi harusi!" akapiga kelele Mwanamize.

"Wacha upuuzi! Bwana mwenyewe yuko wapi?"

"Yule nyuma, na mahari yake!"

Tukageuka. Mzee Jaribu anakuja na bakora yake, na Ahmada nyuma yake kabeba mafiga matatu meusi tititi.

"Mwanamume na mafiga!"

"Mjane miaka ishirini," akasema Mzee Jaribu. "Mlidhani nakula upepo?"

Tulivunja komeo la jiko, mawe tisa yakapangwa, na magharibi haijaingia mioto mitatu ilikuwa inawaka.

Ijumaa Mzee Vuai alikuja moja kwa moja kutoka msikitini, na Bakar nyuma yake, magunia matupu begani. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Bi Moza alisimama mlangoni kama aliyezaliwa humo.

"Karibuni, wageni. Mzee Vuai, kaa hapa. Nawe Bakar, magunia hayo yatandike pale, mikeka haitoshi."

Bakar akamtazama babake. Babake alikwisha kukaa. Akayatandika. Wakala ndizi za Bi Moza na pweza wa Mzee Jaribu, na Bakar akaomba tena.

"Kuni ziko nyuma," Bi Moza akamwambia. "Ukishiba, nenda kazipasue."

Akaenda.

Jumatatu Mzee Vuai alipanda gari la abiria kwenda Chake Chake kwa kadhi, na Ahmada akawa shahidi. Yeye ndiye aliyenihadithia. Karani aliandika nyumba, vyumba, baraza, mipaka ya kiwanja, kisha akauliza kama kuna kingine.

"Mafiga tisa," akasema Mzee Vuai.

Karani akaweka kalamu chini. "Mzee, hayo si mawe tu?"

"Andika, bwana. Hayo ndiyo yaliyohamia. Watu waliyafuata."