Mechi ya Kidole cha Mkufunzi

Siku ya kwanza ya mafunzo ya usafi wa chakula, mkufunzi aliingia, akaweka mkoba mezani, akalamba kidole na kufunua ukurasa wa kwanza wa kitabu. Ulikuwa ulimi mpana, wenye utando mweupe kama uliopakwa unga. Kisha akatusomea kichwa cha somo: kunawa mikono.

Mimi ni mpishi wa shule ya bweni. Mle jikoni tuko wanne, na mmoja wetu ni wifi yangu, dada wa mume wangu, niliyemtafutia kazi hiyo mwenyewe. Mkaguzi wa afya alikuwa ametishia kutufungia jiko, basi mkuu wa shule akatutuma mimi na wifi tukachukue cheti. Siku tano, saa mbili asubuhi hadi saa tisa, kwenye chumba chenye madirisha yasiyofunguka na zulia lililonuka soksi mbichi.

Mkufunzi alikuwa akisoma tu. Neno kwa neno, mkato kwa mkato, kwa sauti ya mtu anayejiandaa kulala. Huku anasoma, kidole chake kilikuwa na safari zake. Kilipotoka ulimini kilienda sikioni, kikachimba, kikatoka na kitu cha rangi ya asali. Alikitazama, akakipangusa kwenye suruali. Baadaye kikaingia puani mpaka kwenye pingili. Alichokipata huko alikiviringisha polepole kama anayetengeneza kidonge, akakidondosha chini ya meza. Saa nne chai ilipofika, nilikitazama kikombe changu nikakirudisha.

"Nitatapika," nilimwambia wifi.

"Bora utapike, angalau muda utaenda," akasema.

Siku ya pili ndipo tukaanzisha mechi. Kila mtu alichagua timu yake: mimi ulimi, wifi sikio, na mzee mmoja mwokaji mikate aliyekaa kando yetu akachukua pua. Kidole kikienda kwako, umefunga goli. Mimi nilichora vijiti nyuma ya karatasi ya somo, na anayeshindwa anawaletea wenzake chai. Tulicheka kwa kubana matumbo. Mzee wa mikate alikuwa akiiombea pua yake kwa kunong'ona, "Ingia, baba, ingia," na kikiingia kweli anajifanya anakohoa. Kinyaa hakikuisha. Lakini kila goli bado nililitaka.

Siku ya nne mkufunzi alipita akikusanya mazoezi, akaichukua na karatasi yetu. Alifika nayo mbele ndipo akaigeuza.

"Ulimi, arobaini na sita," alisoma. "Sikio, thelathini na moja. Pua, kumi na tisa. Hii ni nini?"

Mwandiko ulikuwa wangu, nikasimama.

"Tulikuwa tunahesabu, mwalimu."

"Mnahesabu nini?"

"Kidole chako."

Alikitazama kidole chake kana kwamba kimeletwa na mtu mwingine. "Arobaini na sita kwa siku ngapi?"

"Ni jana tu."

Akaketi. Masikio yalimwiva, na kwa muda nikajionea haya kuliko nilivyomwonea kinyaa. Kisha akafunga kitabu.

"Miaka kumi na mitano nafundisha somo hili," alisema, "na hamna hata mmoja aliyewahi kuniambia. Haya, twendeni jikoni."

Kituo kilikuwa na jiko la mazoezi. Alitugawa wawili wawili: mmoja afanye kazi saa nzima, mwenzake asimame nyuma yake na karatasi, ahesabu. Mimi niliambiwa nikande unga na kupika mchuzi wa maharagwe, wifi anitazame. Nilifunga kitambaa kichwani, nikanawa hadi viwiko. Sikuwa na wasiwasi. Nimepika miaka kumi na moja, na kwangu sufuria zinang'aa hata kwa nje.

Saa ilipoisha kila mhesabuji alisoma mbele ya wote. Zamu ya wifi ilipofika alisafisha koo, na hakunitazama.

"Pua, mara saba, kwa mgongo wa mkono. Nywele, mara tano, kidole ndani ya kitambaa. Kwapa, mara mbili. Kijiko kimelambwa kikarudi mchuzini, mara nne. Jino limechokolewa kwa ukucha, mara moja." Akaikunja karatasi. "Halafu akaendelea kukanda."

"Wifi, unanisingizia," nilisema.

"Mama," mzee wa mikate akasema kwa upole, "hata mimi nimeliona hilo la jino."

Mkufunzi alilichukua donge langu la unga, laini, limekandwa vizuri, akalitumbukiza kwenye pipa la taka. Nililitazama likizama kwenye maganda ya vitunguu. Nikawaza watoto mia nne, asubuhi na jioni, miaka kumi na moja. Nikawaza ule mwiko mkubwa ninaoonjea kila siku na kuurudisha. Mate yakanijaa kinywani, nikakimbilia sinki, na safari hii nilitapika kweli.

Siku ya tano mkufunzi alisoma kama kawaida. Kidole kilianza kupanda, kikasita hewani, kikashuka. Baada ya dakika tano kikajisahau, kikalambwa. Hakuna aliyechora kijiti. Mchana tulipewa vyeti, wote tumefaulu.

Shuleni nimebadilisha mengi. Kuna vijiko viwili vya kuonjea, kucha nimezikata hadi nyamani, na ninanawa mpaka ngozi inapasuka. Lakini wifi yangu, aliyekuwa akikomba sufuria zangu hadi ukoko, siku hizi anakuja na mayai ya kuchemsha, tena anayamenya mwenyewe. Wiki iliyopita nilimuuliza mpaka lini.

"Sijakukataa wewe, wifi," alisema. "Ila mimi ndiye niliyekuwa nimesimama nyuma yako."

Mume wangu anasema tutasahau tu. Hajui kwamba hata mimi chakula nilichopika mwenyewe hakinipiti kooni. Wiki ya tatu sasa nakula viazi anavyochemsha yeye nyumbani, na akiwa amenipa mgongo pale jikoni, macho yangu hayabanduki mikononi mwake.