Makoti ya Kazi Kwenye Posa

Wazee wa Columbus walikataa posa ya mwanangu kwa sababu ya nguo. Hawakukataa kwa sababu ya tabia, wala ukoo, wala kanisa. Nguo. Walituacha ndani ya ukumbi wao na kreti zetu za soda, wakaenda makwao.

Nitaeleza ilivyokuwa, na sitapamba. Mimi naitwa Zenoni. Shule niliacha darasa la tano, kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Sasa naishi Marekani, Louisville, mtaa wa Beechmont, na kazi yangu ni kupanga maboksi ghalani. Mke wangu ni Spés. Mtoto wetu wa kwanza ni Jovini, na ndiye aliyetaka kuoa.

Jovini anajua kuvaa. Vijana wengine wanavaa ili wasitembee uchi. Yeye anavaa kama fundi anavyojenga ukuta, kila kitu kina mahali pake. Suruali pana inayokunjamana juu ya raba. Raba nyeupe, anazisugua kwa mswaki wa meno. Koti fupi linaloishia kiunoni, mabega mapana. Akisimama kituo cha basi, wavulana wa mtaa wanapita polepole wakimtazama, na baada ya muda suruali zao nazo zinapanuka.

Na hanunui vitu vya bei. Anashinda kwenye maduka ya nguo zilizokwishavaliwa, anachambua kama mama anayechambua maharage. Siku moja nilimwambia, "Mwanangu, huo ni mtumba. Sisi tuliuvaa ukishavuka bahari. Wewe umeufuata kwao kabisa."

Akanijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu wote, kwamba ndiyo maana yeye anapata mzuri. Sisi tulikuwa tunapelekewa masalio.

Akapata cherehani iliyotumika, akaiweka chumba cha chini. Mwaka jana koti langu la kazi lilichakaa, lile la turubai la kahawia lenye jina langu kifuani. Nililiweka nje litupwe. Baada ya siku chache nikalikuta mgongoni kwake, na nusura nisilijue. Alikuwa amelikata likawa fupi. Ndani ameweka kitenge cha zamani cha mama yake. Viwiko vilivyochakaa hakuvificha, alivizungushia uzi wa njano, mtu aone kwamba hapo palifanya kazi. Na jina amelibakiza: ZENONI.

Nilimwambia, "Mimi navaa hilo koti ili wewe usilivae."

Akasema, "Najua, baba." Akaendelea kushona.

Rafiki zake watatu walipoliona, kila mmoja akamletea koti la baba yake. Mmoja wao ni mtoto wa jirani yangu Zihindula, Mkongo wa Bukavu, mtu mnene mwenye kucheka sana. Jovini akawashonea wote. Nilifikiri ni mambo ya barabarani, yataishia barabarani.

Siku ya posa tulikwenda Columbus, kwao binti, kwa magari mawili, wazazi katika moja, vijana katika jingine. Kaka yangu mkubwa, Gaudiosi, alitoka Buffalo peke yake, kwa sababu yeye ndiye msemaji wetu. Kwetu baba mkubwa ndiye anayeomba binti, si baba. Alishuka na suti ya vipande vitatu na kofia, amenyooka kama msumari. Kisha gari la vijana likafunguliwa mlango, wakashuka wanne na yale makoti. Jina langu likaja mbele kabisa, kifuani mwa bwana harusi.

"Suti ziko wapi?" nilimuuliza Jovini.

"Hizi ndizo nguo zangu nzuri kuliko zote, baba."

Hapakuwa na muda wa kugombana. Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Ezéchias, msemaji wa upande wa pili. Ni baba mdogo wa binti. Baba mwenyewe alifariki zamani. Binti anaitwa Joselyne.

Sasa, mtu asiye wa kwetu lazima aelewe jambo moja. Siku ya posa, upande wa binti ni lazima wakatae kwanza. Watasema mmepotea njia, watasema hapa hakuna binti, watawatania na kuwafukuza. Na ninyi ni lazima mng'ang'anie na mjibu utani kwa utani. Anayeondoka kwa hapana ya kwanza si mwanaume. Hata watoto wanajua.

Ezéchias akawatazama vijana kuanzia chini hadi juu. "Hawa wamekuja kuhamisha meza?"

"Wamekuja kuhamisha binti," akasema Gaudiosi.

Watu wetu wakacheka.

"Warudi wakavae. Kisha tutazungumza."

"Kufukuzwa tumezoea, mzee wetu. Tulikotoka walitufukuza kwa risasi, wewe unatufukuza kwa maneno matamu." Gaudiosi akapita, sisi nyuma yake na kreti.

"Nimesema hapana," akasema Ezéchias.

"Hapana ya kwanza tumeisikia. Tunasubiri ya tatu, hiyo ndiyo huwa na nyama."

Tukapiga makofi. Gaudiosi akakaa mbele, akapandanisha miguu, akafungua soda. Alikuwa anafurahia kweli, maana kwa utani wa posa hakuna wa kumshinda. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaona wanawake wa kule wanafunika sufuria na kuzibeba kuelekea mlango wa nyuma. Ndipo nilipoelewa. Katika utani wa posa hakuna anayeondoa chakula.

Ezéchias akaja kwangu, akampita Gaudiosi kama kiti kitupu. "Zenoni, koti kama hilo mimi ninalo. Liko kwenye gari, Jumatatu nitalivaa. Nilitaka siku ya binti wa marehemu kaka yangu nione tai. Vijana wavae suti, mrudi Jumamosi ya tatu. Kama hawana suti, msirudi."

Gaudiosi alibaki na chupa mkononi. Kucheka mbele ya hapana ya kweli, kwa msemaji, ni kama mchungaji kubatiza maiti. Aliingia garini bila kuaga.

Sisi tukarudi Louisville. Safari hii nilimpakia Jovini kwangu ili nimseme vizuri, na nilimsema mpaka karibu na Cincinnati. Nikasimama kuweka mafuta. Yeye alishuka kununua maji, na vijana wawili wa Kimarekani, wageni kabisa, wakamfuata toka dukani. Wakamzunguka. Mmoja akauliza kama anaweza kugusa mshono. Wakapiga picha viwiko, wakapiga picha kitenge cha Spés.

"Zenoni ni kampuni ya wapi?" mmoja akauliza. "Mbona sijaisikia?"

Jovini akanionyesha kwa kidevu. "Yule pale, anaweka mafuta."

Wale vijana wakaja wakanipa mkono. Kwa heshima, kama vile mimi ndiye niliyeshona. Nimepanga maboksi ya nchi hii miaka mingi, na jina hili limekuwa kifuani mwangu kila siku. Hakuna aliyewahi kulisoma isipokuwa msimamizi akitaka kunihamishia laini nyingine ya kazi. Niliingia garini nikaendesha. Sikumsema tena.

Usiku ule Joselyne alipiga simu. "Baba, usimruhusu kumbishia baba mdogo. Mwambie avae suti. Nataka kuolewa." Kisha akaongeza, "Lakini akiacha kuvaa vile moja kwa moja, nitamrudisha kwenu."

Basi vijana wangevaa suti, hilo liliisha. Kilichobaki kilinikereketa. Makoti yale yangekaa kabatini kama kitu cha aibu, na mwenye jina kifuani ni mimi. Nilimweleza Zihindula kwenye kibaraza chake.

"Bon," akasema, "ule mzee alisema vijana. Sisi, hakuna kitu kenye alisema juu yetu. Ile makoti tuvae sisi."

Nikamtazama tumbo. "Litakuenea?"

"Donc nitavuta pumzi mpaka jioni."

Jambo kama hilo huwezi kumwambia kaka yako kwa simu. Nilikwenda Buffalo. Gaudiosi anakaa Kensington-Bailey, nyumba ya mbao karibu na barabara ya Bailey, na sebuleni kwake viti vyote vimefunikwa vitambaa vya kufuma. Nilipomaliza kusema, alinipeleka chumbani. Kitandani alikuwa ametandaza suti yake ya pili, ya kijivu.

"Hii utavaa wewe. Inakutosha, nimeipima kwa macho."

"Kaka, nitavaa koti."

"Mdogo wangu, kaa." Hakupandisha sauti. "Kambini tulivaa tulichopewa. Nilivaa fulana yenye maneno sikujua yanamtukana nani. Unakumbuka ile suti moja ya mwalimu? Iliozesha wanaume wa kambi nzima, mrefu na mfupi, na kila mmoja alipoivaa alitembea tofauti. Kwa nini? Kwa sababu siku hiyo peke yake mtu alivaa alichochagua. Leo mtoto wako anakwenda kuposa na tambara la ghala."

Niliifikiria ile fulana yake. Ilikuwa ya kijani.

"Na yeye amechagua," nikamwambia. "Ndicho alichofanya. Sisi tulichagua nguo ya mwalimu. Yeye amechagua ya baba yake."

Aliikunja suti, mkono mmoja juu ya mwingine. "Walinicheka Columbus. Nikirudi na wewe umevaa hilo, nimekubali kuchekwa mara mbili. Ukilivaa, tafuta msemaji mwingine."

Kwetu, mdogo hasemi kwenye posa kaka yake akiwa hai na mzima. Akisema, ni kama amemzika. Gaudiosi alijua hivyo aliposema, nami nilijua nilipojibu.

"Sawa, kaka," nikamwambia.

Jumamosi ya tatu tulirudi Columbus. Vijana wanne walishuka na suti za kukodi, nyeusi, zinang'aa kama ngozi ya mjusi. Jovini alikuwa amekunja mikono ya suti yake na kubana kiuno kwa pini, hakuweza kujizuia. Nyuma yao tukashuka sisi, baba wanne wenye mvi, na makoti mafupi ya kahawia na suruali pana. Upepo ulinipita tumboni. Sijawahi kusimama wima hivyo maishani.

Ezéchias alikuwa mlangoni.

"Nilisema suti."

"Ulisema vijana," nikamjibu. "Vijana hao. Sisi ni umri wako, utatuvisha wewe?"

Mtu mmoja nyuma yake akaguna kicheko. Ezéchias hakucheka. "Na hicho ulichovaa ni nini?"

"Koti langu la kazi. Ndilo lililomlea huyu. Nilikuwa nimelitupa, yeye akaliokota akalishona. Wewe ulitaka kuona tai, nimekuletea tai nne. Mimi nilitaka uone mikono ya mtu atakayemchukua binti yenu."

Alisogea. Akashika kola, akaigeuza, akafuata uzi wa njano kwa kidole kwenye kiwiko. Akafungua ubavu wa koti akaona kitenge.

"Hiki?"

"Cha mama yake."

Wakati huo Zihindula, aliyekuwa amechoka kusimama, akakaa kwenye kiti cha mlangoni. Koti lake likapasuka mgongoni, kutoka shingo hadi chini. Sauti ilifika jikoni. "Endeleeni," akasema. "Mimi niko sawa, nimepata hewa."

Wanawake wakacheka hadi wakashikana. Ezéchias akazuia mdomo kwa ngumi. Kisha akatazama nyuma yangu, akatafuta.

"Msemaji wenu yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Gaudiosi anaumwa?"

"Mzima."

Naye ni mtu wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa. Akarekebisha kola yangu aliyoigeuza, akarudi nyuma hatua moja, akapandisha sauti ili ukumbi wote usikie.

"Mmepotea njia. Hapa hakuna binti. Rudini mlikotoka."

Nikatazama jikoni. Sufuria zilikuwa motoni na hakuna aliyezigusa.

"Tumechoka safari," nikasema. "Tutamsubiri hapahapa azaliwe."

Sina ulimi wa Gaudiosi. Nilijikwaa mara nyingi, na hapana ya pili niliijibu vibaya, wakanitoza faini. Lakini nilimwomba Joselyne, na walimtoa. Alipotoka alimpita Jovini na suti yake inayong'aa, akaja kwangu, akashika mkono wa koti, akasema kwa sauti ya wote kusikia kwamba hili analijua. Vijana wa Columbus walikuwa wamejaa dirishani na simu zao. Kabla hatujaondoka, Ezéchias alikwenda kwenye gari lake, akarudi na koti lake la kazi limekunjwa, akampa Jovini. "Usilifanye fupi sana. Mimi nina mgongo wa baridi."

Nitasema wazi nilivyojisikia: nilijivuna. Bado najivuna, na nikipita Beechmont nikaona wavulana wanatafuta makoti ya baba zao, najivuna upya.

Gharama ilikuwa hii. Mafuta ya Columbus mara mbili, ya Buffalo mara moja. Jumamosi tatu bila kazi. Suti nne za kukodi, moja ilirudi na doa la mchuzi tukatozwa. Kreti mbili za soda za faini yangu. Koti la Zihindula, halishoneki tena. Na Gaudiosi. Kadi ya harusi tumempelekea, hajajibu. Spés anaongea na mke wake, lakini mimi nikipiga, simu inaita mpaka inakatika. Tulizaliwa wanaume watano. Watatu tuliwazika kabla ya kufika nchi hii. Nilikuwa na kaka mmoja.