Mkono Ulioachwa Hewani

...duara gani sasa, wananiambia nisimame ndani ya duara, duara la rangi nyeupe, kana kwamba macho yangu yameenda dukani na yatarudi, surua iliyachukua nikiwa na miaka minne, nimenyoosha mkono mtu aushike anielekeze na mkono uko tu hewani, jua linauchoma, mfereji wa ule mtungi wa kunawa unadondoka, foleni ya unga wa msaada inanipita kushoto na kulia... "Mzee Ekuam, songa huko, mita moja! Hatugusani, ni korona," huyo ni Nkirote muuza miraa, zamani alikuwa akinipiga begani akisema, leo umependeza, nani amekuchagulia shati, nami namjibu, ni Alice, Nkirote, dada yangu Alice ndiye huchagua, ndiye macho yangu tangu tukichunga mbuzi kule Ngare Mara, akinibana kiganja mara moja najua ni jiwe, mara mbili najua ni mtaro... wanasema amekufa, wanasema tu, wiki tatu sasa, watu wa nguo za plastiki walikuja na sanduku wakazika mbiombio, na Lotukoi mwanawe akaniambia, mjomba, simama hapa, tumeona, ni yeye. Mmeona ninyi. Mimi kuona kwangu ni vidole, niliomba niguse uso wake, hata paji tu, hata ubao wa sanduku, wakakataa, basi na mimi nikakataa, nikasema moyoni wamezika mtu mwingine, Alice amelazwa mahali, atakuja, kila asubuhi natandaza mashati kitandani nikingoja achague, hili nililovaa ni lile la mazishi, sijalivua... "Mzee, shusha mkono, unga tutakuletea," Nkirote tena, analia huyu? ile barakoa inameza sauti, sitaki unga, Nkirote, nataka mtu anibane kiganja, mara moja, mara mbili, hata kwa kunidanganya... mkono umekufa ganzi, haujawahi kukaa hewani hivi, hata mwaka ule tulipogombana juu ya mbuzi aliyepotea, siku mbili Alice hasemi nami, lakini kila nikinyoosha mkono aliushika, amenuna, ameushika... asingeuacha. Angekuwa hai mahali popote chini ya jua hili, asingeuacha muda huu wote. Basi ni kweli. Dada yangu amekufa, uchungu huu ndio huo, na mfereji bado unadondoka, na kuna mtu anasema, mzee, rudi kwa duara.