Bahari ya Kapu la Mwanamisi

Maji mengi kuliko yote ambayo Rama alipata kuyaona maishani mwake ni yale ya maporomoko ya Chania pale Thika, na hata hayo aliyatazama akiwa amesimama mbali, kwa maana hakujua kuogelea. Alizaliwa Majengo ya Thika. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyekuja na misafara ya wapagazi, mama yake Mnubi, na katika ukoo wote huo hakuna aliyewahi kulowesha hata kidole cha mguu katika maji ya chumvi. Hata hivyo, mwaka ule wa 1954, ungemuuliza Mzungu yeyote mwenye shamba la kahawa kuanzia Ruiru mpaka Kalimoni ni nani anayeijua bahari, angekuambia ni Rama, mpishi wa Bwana Hadlow.

Mambo yalianza siku ile alipoandikwa kazi. Bwana Hadlow aliiona kanzu, akaiona kofia iliyoshonwa kwa mkono, akajiridhisha kwamba amempata mtu wa pwani. Kabla hajamuuliza kama anajua kuoka mkate, alimuuliza bahari ya Malindi ikoje siku hizi. Rama angeweza kusema ukweli. Lakini mtu anayetafuta kazi hamvunji moyo bwana wake siku ya kwanza, basi akatazama dari kama anayekumbuka jambo, akasema bahari itatulia wiki ijayo. Bwana akaenda Malindi, na bahari ikatulia kweli. Hapo maskini akawa amejitia kitanzi kwa mikono yake mwenyewe.

Bwana Hadlow alikuwa mtu mwema, kwa kadiri ya watu wa namna yake. Alikuwa na ekari mia tatu za kahawa, bastola kiunoni kwa sababu ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali kwa ajili ya vita vya msituni, na ugonjwa mmoja tu, nao ni uvuvi. Kila ulipofika mwezi wa Desemba, jua likichoma majani ya mibuni mpaka yanajikunja, yeye alianza kutangaza kwamba winta imefika, na kwamba winta ndiyo wakati wa samaki wakubwa. Rama alijua fika kwamba baridi ya Ruiru ni ya Julai, ile ya manyunyu na makoti, lakini hakumsahihisha. Alikwisha kutambua kwamba Mzungu huja na majira yake ndani ya sanduku, pamoja na vijiko.

Sasa mtu asiyeijua bahari aliwezaje kuitolea habari kila Jumamosi kwa miaka minne bila kuumbuka? Jibu lilikuwa kibarazani kwa Mwanamisi. Huyu alikuwa mama wa Mambrui, huko pwani karibu na Malindi, aliyeletwa Thika na mume mfanyakazi wa reli. Mume alipofariki, Mwanamisi alibaki Majengo akiuza samaki wakavu waliomfikia kwa gari la moshi. Kila Ijumaa Rama alipanda baiskeli kutoka Ruiru kwenda kuswali Thika, na baada ya sala alipita kwa Mwanamisi. Ijumaa ya kwanza alimweleza masaibu yake, na yule mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Mimi mwenyewe sijaiona bahari mwaka wa kumi na mbili huu," alimwambia. "Lakini kuitazama si lazima, mwanangu. Tazama kapu. Ukiona nguru na papa, wale wakubwa, ujue bahari imelala na vyombo vimetoka nje ya mwamba. Ukiona tasi na chafi watupu, basi nje hakuendeki, watu wanavua humu ndani, maji ya magotini."

Hiyo ndiyo ikawa elimu yake yote. Kapu lilichukua siku kumi hivi kufika, kwa hiyo habari alizompelekea Bwana Jumamosi asubuhi, pamoja na mayai, zilikuwa habari zilizokwisha kukauka na kutiwa chumvi. Lakini upepo ukishashika njia haubadili nia upesi, na Rama hakukosea ila mara chache, na mara hizo Bwana alimlaumu nahodha. Sifa zikaenea. Wazungu wa mashamba ya jirani wakawa wanapiga simu, na Rama anaitwa kutoka jikoni, mikono imejaa unga, anashika kile chombo na kusema, "Kesho kutwa, Bwana. Lakini upande wa kusini kuna mawimbi kidogo." Hilo la upande wa kusini alilitia kwa ajili ya ladha tu.

Mtu pekee ambaye hakuvutiwa na ujuzi huo alikuwa mke wake, Ngendo. Alikuwa Mkikuyu wa hapo hapo nyuma ya Ruiru, nao walikuwa wameoana miaka mitatu nyuma. Shehe alimpa jina la Saida, akalipokea kwa heshima na kulitumia msikitini tu. Alipika pilau kama aliyezaliwa nayo, lakini samaki hakumla, wala hakuruhusu avuke mlango.

"Siku moja hao watu watakupeleka huko kwa maji," alikuwa akimwambia, "wakutupe ndani, tuone kama utaogelea na hiyo kofia."

Rama alimpenda sana mwanamke huyu. Alipenda hata jinsi alivyomdharau.

Mwezi wa Novemba ikatoka amri. Wakikuyu wote waliokuwa wakikaa mashambani bila kazi maalumu walitakiwa kuhamishiwa vijiji vipya upande wa Gatundu, vilivyozungushiwa handaki na kulindwa na homgadi, askari mgambo wa serikali, ambako mtu hutoka kwa ruhusa na kurudi kwa filimbi. Rama hakuguswa, yeye si Mkikuyu. Wachumaji kahawa walibakizwa kwa sababu kahawa haijichumi. Lakini mke wa mpishi si mchumaji, na daftari la serikali halikumjua Saida, lilimjua Ngendo. Kumwokoa kulihitaji karatasi moja yenye sahihi ya Bwana Afisa wa Thika, kijana mwekundu ambaye inasemekana hakuwahi kumpa mtu karatasi hiyo. Kwa majuma mawili Rama hakulala vizuri, akawa anaunguza hata uji.

Ni Bwana Hadlow mwenyewe aliyekuja na njia. Aliingia jikoni siku moja, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akasimama kando ya meko.

"Rama, mimi nachukua Afisa kwenda Malindi wiki moja," alisema. "Ndani ya mashua, mimi nasema yeye maneno ya bibi yako. Mtu iko na samaki kubwa mkononi, yeye hawezi kataa kitu. Sasa wewe nasema siku gani bahari mzuri."

Rama alitaka kumbusu mkono. Hatimaye ule uongo wake wa miaka minne ungezaa kitu cha maana: bahari tulivu, samaki mkubwa, moyo laini wa Afisa, karatasi, na Ngendo angebaki nyumbani. Kilichobaki ni kuchagua siku.

Ijumaa alifika Thika mapema. Tuseme ukweli, Rama wa Ijumaa hiyo hakuwa yule wa zamani aliyekuja kuuliza kwa unyenyekevu. Wazungu saba walikuwa wakimpigia simu kila wiki. Alikwisha kuzoea kulisoma kapu mwenyewe, haraka, bila kumsumbua mwenye kapu, na salamu zake kwa Mwanamisi zilikuwa zimeanza kuwa fupi. Aliinama, akatazama. Tasi na chafi. Akapekua mpaka chini. Tasi na chafi, wadogo na wakavu, wala hapakuwa na kipande kimoja cha nguru au papa. Desemba, wakati bahari inapaswa kuwa imelala, nje hakuendeki.

"Rama," Mwanamisi alianza, "hilo kapu leo—"

Rama alimpungia mkono, kama mtu mwenye shughuli kubwa, akapanda baiskeli.

Njia nzima alikuwa akipima. Angeweza kusema bahari ni nzuri ili waondoke upesi. Lakini kisha? Afisa atatapika siku mbili, na mtu aliyetapika hatii sahihi popote. Au mashua itapinduka, wazame wote, na damu yao iwe shingoni mwake. Hapana. Afadhali aseme kweli, wangoje Mwaka Mpya upite, waende bahari ikiwa shwari, na mambo yawe kama yalivyopangwa. Alijiona mtu mwaminifu, mwenye busara, na jambo hilo lilimpa raha mpaka akapanda mlima wa mwisho bila kushuka kwenye baiskeli. Wala hakumtaka Ngendo shauri. Haya yalikuwa mambo ya bahari.

"Msiende, Bwana," alisema Jumamosi, akiweka mayai mezani. "Bahari imechafuka vibaya. Mashua ndogo itazama. Ngojeni mpaka baada ya Mwaka Mpya."

Bwana Hadlow aliacha kijiko. Akasimama, akampa mkono, mara ya kwanza tangu wajuane, kisha akaenda kumpigia Afisa simu. Afisa akaiahirisha likizo yake.

Ijumaa iliyofuata Mwanamisi hakungoja apungiwe mkono. Alimshika Rama kanzu.

"Wiki iliyopita nilitaka kukwambia, ukanipita kama gavana," alisema. "Kuna mtu amepata tenda ya kulisha kambi ya watu waliokamatwa. Anasimama pale stesheni, anachukua nguru wote na papa wote kabla mzigo haujashuka. Mimi ananiachia hawa vidagaa. Na huko kambini wenyewe ni Wakikuyu, hawali samaki, nasikia wanafukia chini. Dada yangu ameniandikia kwamba bahari haijalala hivi tangu vita vya Hitla. Watoto wanakwenda mpaka mwambani kwa vihori, vile vimtumbwi vidogo."

Rama aliona aibu, tena aibu kubwa. Lakini njiani alijifariji. Hakuna kilichoharibika. Wamechelewa wiki tatu tu, na bahari iliyolala itaendelea kulala. Wataenda Januari, samaki watapatikana, karatasi itatiwa sahihi. Kuwaogopesha watu na bahari nzuri si dhambi kubwa kama kuwapeleka kwenye mbaya.

Alimkuta Bwana Hadlow amekaa barazani, hajagusa chai.

"Rama, iko maneno mbaya kidogo," alisema. Akaeleza polepole, kwa Kiswahili chake kile kisicho na mbele wala nyuma. Afisa, baada ya likizo yake kuvunjika, alijikuta ana wiki nzima bila kazi, akaona heri asafishe meza. Chini kabisa ya makaratasi, chini ya barua za ng'ombe na za madaraja, alikuta orodha ya wanawake wa mashamba ya Ruiru wanaotakiwa kuhamishwa, imelala hapo tangu Novemba. Mwenyewe alikuwa amesahau kama ipo. Alisema kama angekwenda Malindi, pengine ingekaa hapo mpaka Machi, na Machi anahamishwa. Akaitia sahihi Jumatano. Bwana Hadlow alijaribu kumsemea Ngendo kwa simu, lakini simu si mashua. Lori lingekuja Jumatatu.

Kisha Bwana akainuka, akaingia ndani, akatoka na mshipi wake wa kuvulia samaki, wa pili kwa ubora, ule wa fimbo ya mti mweusi wenye gurudumu la shaba, akamkabidhi Rama kwa mikono miwili.

"Lakini wewe naokoa roho yangu," alisema, na macho yake yalikuwa na maji. "Mimi hapana sahau."

Rama aliupokea. Alisema asante. Alikaa jikoni mpaka moto ukazimika, akilia bila sauti, na chakula cha jioni cha Bwana siku hiyo kilikuwa mkate na jibini.

Jumatatu asubuhi lori lilisimama karibu na mtambo wa kahawa, tayari lina wanawake kumi na wawili na mizigo yao. Ngendo alikuwa amefunga blanketi mbili, sufuria, na kuku wanne miguu pamoja. Tangu Ijumaa Rama alikuwa akikwepa kumwambia yote. Sasa, homgadi wakisoma majina, akamwambia: kapu, tenda, kambi, dada wa Mwanamisi, orodha chini ya makaratasi. Ngendo alisikiliza huku akikaza kamba ya mzigo.

"Kwa hivyo siku hiyo wewe ulijua maji imechafuka kabisa," alisema.

"Nilijua hivyo, ndiyo. Wallahi."

"Ya kuzamisha watu."

"Mashua ile ni ndogo, Ngendo. Ingewazamisha wote wawili."

"Bwana na huyo mwenye kuweka sahihi."

"Wote wawili."

Homgadi akaita jina lake. Ngendo akamkabidhi mwanamke mmoja kuku wale, akashika ubao wa lori, akapanda, akageuka kumtazama mumewe kutoka juu. Hakuwa na hasira. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwacha nyumbani mgonjwa asiye na wa kumpikia.

"Na ukawaambia wasiende," alisema.

Lori likaondoka. Kutoka barazani Bwana Hadlow alikuwa akimwita, kwa sababu kulikuwa na Mzungu wa Kalimoni kwenye simu.