Majina Kwenye Nguo za Kambi

Kila Juni, akina mama wa mji ule mdogo wa Texas walimletea Verna nguo za watoto azishonee majina kabla ya kambi ya kanisa kule mtoni. Aliipenda kazi hiyo. Ilimrudisha miaka ile Corliss wake akirudi kutoka kambini kababuka pua kwa jua, soksi zimejaa mchanga, anaimba mpaka baba yake anamtania, "Wewe redio, unazimiwa wapi?" Kisha barazani, aiskrimu ya pichi waliyoitengeneza wenyewe, wakizungusha mashine ya mkono kwa zamu. Raha ilioje!

Mwaka mmoja Corliss alirudi kimya. Verna akadhani ni ukubwa. Miaka baadaye, Corliss alipoilalamikia kambi, walikuja wanasheria wake na fidia, binti akatia saini kwamba lililompata hatamwambia mtu yeyote. Verna akaamini hata mama mzazi yumo katika hao wasioambiwa, asimuulize. Akina mama, hapo ndipo alipokosea: karatasi ilimfunga mtoto, yeye akajifunga mwenyewe.

Msimu huu jirani yao Tawny alileta begi la bintiye.

"Bwana Rusk bado ndiye mkuu wa kambi," alisema. "Mcheshi yule! Watoto wanamganda kama kupe."

Corliss, aliyekuwa akiosha masufuria, aliganda. Verna akamsogelea.

"Mwanangu, sheria imebadilika. Nimempigia mwanasheria. Karatasi ya kumziba mdomo aliyedhalilishwa utotoni haina nguvu tena, hata ya zamani."

"Watanishtaki, Mama. Watachukua nyumba."

"Hawawezi. Na wakija watanikuta mlangoni na mwiko."

Corliss akacheka, machozi yakamtoka. Akageuka.

"Tawny, usimpeleke."

"Kwa nini tena, shoga? Binti yangu anahesabu siku!"

"Rusk alininajisi. Kwenye banda la mitumbwi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu."

Tawny akakaa. Verna naye akakaa, maana hata yeye ndiyo kwanza analisikia hilo la banda.

"Na mimi nilikuwa nampeleka mwenyewe," Tawny alinong'ona. Akachukua simu. "Nawapigia polisi. Halafu nampigia kila mama mwenye begi hapa ndani. Utasema nao, Corliss?"

"Nitasema."

Verna akamvutia mwanawe kiti.

"Lakini kwanza niambie mimi," alisema. "Yote. Sina haraka."