Sukuma za Kando ya Reli

Wayua alisimama mlangoni na fungu la sukuma wiki kifuani, majani mapana, mabichi, bado yana umande.

"Baba Nthenya, Mungu akuweke," alimwambia Kitonga. "Tulisikia nyinyi wa reli mtapulizia dawa ya magugu mpaka kwenye vishamba vyetu. Tangu Jumatatu changu kiko salama. Najua ni wewe uliyekiruka."

Kitonga hakuwa amekiruka. Jumatatu, mjane huyu akiwa sokoni Jericho, alipita na bomba mgongoni akinyunyiza kila mstari, nyapara akimfuata unyounyo. Tangu hapo alijifanya hamnazo. Alisubiri majani yamsemee, na majani nayo yakakataa.

Sababu aliijua. Mwalimu wa dawa aliyeletwa karakana ya reli aliwaeleza kwamba dawa hii haina haraka. Hupanda na maji kutoka mizizini, ikaziba njia ya elektroni, vile vichembe vinavyosafirisha nguvu za jua ndani ya jani. Jani huendelea kupokea mwanga, lakini nguvu zake hazina pa kwenda. Huonekana zima siku kadhaa, huku likifa kwa njaa juani, kisha mwanga ule ule huliunguza. Kitonga alilionea jani huruma siku ile. Binadamu hakumfikiria.

Mkewe Koki alishainjika sufuria. Alilipokea fungu, akachukua kisu.

"Weka chini," Kitonga alisema.

"Kwa nini?"

"Zina sumu, Koki." Akamgeukia Wayua, mdomo mzito. "Sikukiruka, mama. Nyapara alikuwa nyuma yangu. Ningekataa, ningefutwa kazi."

"Lakini ziko sawa. Jana nimezimwagilia."

"Maji ndiyo yanayoipandisha. Kesho au keshokutwa zitaanza kugeuka manjano."

Alingoja matusi. Angeyapokea, pengine aliyataka, maana aliyetukanwa hupata mahali pa kuanzia kuomba radhi. Kishamba kile ndicho kilichowalisha Wayua na mjukuu wake. Lakini Wayua alishika tu mwimo wa mlango.

"Mjukuu wangu Lenah anakula hizi hizi tangu Jumatatu," alisema mwishowe. "Mtoto hana mboga nyingine. Leo ameamka mzima, anacheza." Akaitazama mboga iliyokuwa mkononi mwa Koki. "Mzima kama hizi."

Koki aliliweka fungu chini, na Wayua akamgeukia Kitonga.

"Baba Nthenya, wewe umefundishwa. Kwa mtoto huchukua siku ngapi?"

Mwalimu yule alikuwa amewaeleza habari za majani tu.