Miji Saba kwa Zamu Mia Moja

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sitajitetea. Ndiyo maana Bwana Ngatia aliponiambia, Julai ya mwaka 1996, kwamba taipureta zote kumi na mbili za chuo zingeondolewa mwisho wa muhula na nafasi yake kuchukuliwa na kompyuta, sikulia kama alivyotarajia. Nilimwuliza nani angefundisha kompyuta.

"Gatobu," alisema. "Ako na diploma ya Nairobi. Wewe Murugi uko na vidole tu."

Vidole! Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimefundisha taipu katika chuo hicho chake, orofa ya pili juu ya duka la pembejeo, katikati ya mji wa Nyeri. Makarani wa ofisi nyingi, kutoka hapa mpaka Kerugoya, walipita mikononi mwangu. Kompyuta mbili zilipoletwa mwaka uliotangulia, mimi ndiye niliyezitoa kwenye maboksi na kusoma vitabu vyake usiku na mchana, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuvisoma. Sasa nilikuwa naambiwa nirudi nyumbani Tetu nikachume majani chai.

Nilipaza sauti. Wanafunzi wakaanza kuchungulia mlangoni, na Bwana Ngatia hakupenda kuonekana mwonevu. Alikuwa karani mstaafu, bingwa wa drafti, na tangu aletewe disketi ya mchezo fulani kutoka Nairobi hata drafti yenyewe aliisahau. Katika mchezo huo unapewa kundi moja la wahamiaji, umewekwa katika nchi usiyoijua, ramani yote ni giza. Unawasogeza hatua, unasubiri kompyuta icheze zamu yake, unasogeza tena. Unajenga mji, unalima, unajifunza kuandika na kufua chuma, na kila ulichofanikisha kinahesabiwa alama. Bwana Ngatia aliucheza kila asubuhi mlango ukiwa umefungwa, nasi tukiambiwa anatia sahihi barua.

"Basi mcheze, wewe na Gatobu," alisema, akiwaangalia wanafunzi badala ya kuniangalia mimi. "Zamu mia moja. Ramani ni moja, kila mtu na mashini yake. Mwenye alama mingi achukue hiyo darasa. Kompyuta si kubonyeza, madam. Ni kupanga mbele."

Alitupa wiki mbili za kujizoeza. Alijua Gatobu alikuwa ameucheza mchezo huo tangu chuoni. Alidhani amenifunga mdomo mbele ya watu, na kusema kweli, jioni ile hata mimi nilidhani hivyo.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la aibu. Nilijenga miji minane haraka haraka, yote ikiwa imebanana kando ya mto mmoja, nami nikajiona hodari. Kufika zamu ya sitini watu wangu walikuwa na njaa. Kila mji uligombania mashamba yaleyale na jirani yake, hakuna uliokua. Niliiangalia ile skrini nikamwona baba yangu akiwagawia kaka zangu watano shamba la ekari tatu, kila mmoja na kipande chake cha kuotesha mahindi ya msimu mmoja. Nilikuwa nimekuja na desturi ya nyumbani mahali ambapo ardhi ilikuwa bado bure.

Nilikasirika, na hasira yangu ikishapoa huwa ninafanya kazi vizuri sana. Nilichukua daftari la hesabu lenye visanduku. Nikagundua kwamba mji hula ardhi hatua mbili kila upande, kwa hiyo nikaanza kuchora miji kwa nafasi hiyo. Halafu nikakumbuka jinsi mashamba ya kwetu yalivyopimwa zamani, kabla ya kukatwakatwa: yalishuka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, ili kila nyumba ipate pakavu pa kujenga na maji ya kuchota. Nikaacha kutafuta mahali pazuri kuliko pote. Mahali penye kilima na maji palinitosha.

Kila siku wakati wa chakula cha mchana nilijifungia na daftari langu na chupa ya chai. Kufika Ijumaa ya wiki ya pili nilikuwa nimejaza kurasa thelathini.

Jumamosi saa tatu asubuhi chumba kilijaa wanafunzi. Mvua ya manyunyu ya Julai ilikuwa ikipiga madirisha, watu wote wamevaa sweta. Gatobu, kijana mpole kutoka Meru mwenye tai iliyonyooka, alinipa mkono.

"Tusikosane, madam," alisema. "Mimi pia nahitaji kazi."

Nilimpenda kwa kusema hivyo. Lakini sikukusudia kumwachia.

Tulianza. Gatobu aliwatembeza wahamiaji wake zamu tisa nzima akitafuta bonde lenye kila kitu, na kweli alilipata, bonde zuri ajabu. Mimi nilijenga mji wangu zamu ya pili, chini ya kilima, mto ukipita mlangoni. Nikauita Tetu. Yeye alipoanza kuweka jiwe la kwanza mimi nilikuwa tayari natengeneza wahamiaji wa pili.

Zamu ya thelathini alikuwa na mji mmoja wenye ukuta, na ndani yake alikuwa ameanza kujenga mnara mkubwa wa mawe ambao mchezo huulipa alama nyingi. Wanafunzi walimshangilia. Bwana Ngatia alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, akitabasamu kama mtu anayeangalia gorofa yake mwenyewe ikipanda. Mimi nilikuwa na miji minne ya nyasi, isiyo na ukuta, isiyo na chochote cha kuangaliwa.

Hapo ndipo nilipofanya jambo lililowachekesha. Nilikuwa na vikundi vinne vya wafanyakazi. Kila mtu mwenye akili, hata Gatobu, huvitawanya, kila kikundi kikalime mahali pake. Mimi nilivikusanya vyote vinne kwenye shamba moja.

"Ati watu wanne kwa shamba moja!" Bwana Ngatia alicheka mpaka akakohoa. "Angalieni! Madam ameleta ngwatio ya wamama kwa kompyuta!"

Chumba kizima kilicheka. Masikio yaliniwaka moto. Lakini alikuwa amesema sawa kabisa: ilikuwa ngwatio. Mama yangu na wenzake walilima hivyo maisha yao yote, leo wote kwa fulani, kesho wote kwa mwingine, na hakuna aliyewahi kuwacheka wakati wa kula. Wafanyakazi wanne wakitawanyika, mashamba manne yatakamilika kwa pamoja, baada ya muda mrefu wa kungoja. Wakikusanyika, shamba la kwanza linaanza kulisha watu zamu hiyo hiyo, na mji unakua wakati wanahamia la pili. Baada ya mashamba niliwapeleka barabarani kwa mtindo huohuo. Nikaiunga miji yangu yote, mmoja baada ya mwingine.

Zamu ya hamsini na nane nilikuwa na miji saba, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

Zamu ya sitini na tatu wavamizi walitokea upande wa kaskazini. Mji wangu wa mwisho, mdogo kuliko yote, ulikuwa na kundi moja tu la walinzi, na makundi ya maadui yalikuwa matatu. Nikiupoteza, wangeingia wa pili, na wa tatu.

"Hapo amekwisha," alisema mtu.

Nilijilazimisha kuondoa mkono kwenye kipanya. Nilihesabu mara mbili. Walinzi wa Tetu walikuwa mbali, lakini barabara ilikuwepo yote, kutoka mji hadi mji, ile ile iliyojengwa na ngwatio. Niliwaita kutoka miji mitatu. Walifika wote katika zamu moja.

Wavamizi walipiga mara tatu. Mara ya tatu walitoweka kwenye skrini, na msichana mmoja wa darasa langu la taipu alipiga kelele, akaruka, akagonga kichwa kwenye dirisha. Nilicheka na machozi yakinitoka. Sikuona haya.

Baada ya hapo ilikuwa ni kuvuna tu. Mnara wa Gatobu ulikamilika zamu ya themanini na mbili, mzuri kweli, lakini watu wake walikuwa wachache mno kuzunguka bonde lile. Miji yangu saba ilikuwa inajifunza, inazaa, inajaa.

Zamu ya mia moja Bwana Ngatia aliinama mwenyewe kusoma. Gatobu, mia mbili na kumi na nne. Aligeukia skrini yangu, akasoma, akapangusa miwani, akasoma tena.

"Mia tatu sabini na moja," Gatobu alimsomea.

"Nafikiri tufanye mara tatu," Bwana Ngatia alisema. "Mtu anaweza shinda mara moja kwa bahati."

"Hapana, sir." Gatobu alisimama. "Hiyo haikuwa bahati. Mimi mwenyewe sijawahi fika hiyo alama. Amenishinda."

Akachukua koti lake. Pale mlangoni aligeuka, akaniinamia kichwa kidogo, nami nikamwinamia.

Hakuna mwanafunzi aliyeondoka. Walikuwa wakimwangalia mwenye chuo, na mwenye chuo aliangalia sakafu.

"Ufunguo wa chumba, Bwana Ngatia," nilisema.

Ulikuwa kwenye pete iliyoshonwa mkandani mwa suruali yake, na vidole vyake vilishindwa kuuchomoa. Alihangaika nao mbele ya watu wote kwa muda mrefu. Nilinyoosha mkono, nikaungoja, na sikumsaidia.